Kutoka Kikwit hata Beni: Historia ya Dawa Iliyonakiliwa katika Damu ya Mtu Mmoja

Wakati wa ugonjwa mkubwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu mwezi wa nane 2018 hata mwezi wa sita 2020, swali moja lilizunguka masokoni na hata mlangoni mwa kanisa: «Dawa ile wanayowatia wagonjwa katika mshipa, ni damu ya mtu? Ni damu ya nani?» Swali hili si la ujinga. Anayeuliza ametambua kwamba kuna mtu nyuma ya dawa ile. Lakini padri au mkatekista asiyejua historia yake atajibu nini? Akinyamaza, watu watadhani kuna siri. Akijibu kwa kubahatisha, watu watakimbia vituo vya wagonjwa, nao watakufa nyumbani.

Kwa hiyo tumeona vema kuandika hapa historia ya dawa hiyo. Wanganga waliipa kwanza jina la mAb114. Leo huitwa pia ansuvimab. Ni proteini ya mwanadamu, lakini haikukamuliwa katika mwili wa mwanadamu. Ilinakiliwa. Tukilielewa neno hili «kunakili», tutakuwa tumelijibu swali.

I. Yambuku, mwaka 1976

Historia yetu yaanzia misioni. Mwezi wa tisa 1976, homa isiyojulikana iliwashambulia watu katika hospitali ya misioni ya Yambuku, upande wa Equateur. Masista waliotoka Ubelgiji walikuwa wakiwahudumia hapo watu wa mbali sana. Lakini sindano zilikuwa chache. Moja ilitumika kwa wagonjwa wengi, bila kuchemshwa kila mara. Hivyo mahali pa kuponya pakawa mahali pa kuambukizwa. Watu 318 walishikwa, 280 wakafa, na kati yao masista na padri. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Twasema haya bila kuwahukumu waliokufa wakitumikia, ila tujifunze kwamba upendo bila usafi wa kazi waweza kumdhuru yule unayempenda.

Munganga Jean-Jacques Muyembe, mkongomani mwenzetu, alitumwa kutoka Kinshasa kwenda kuona. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kisha akarudi Kinshasa pamoja na sista mmoja aliyeugua. Damu ya sista huyo ilisafirishwa katika termo yenye barafu hata Antwerpen, Ubelgiji. Chupa moja ilivunjika njiani, nyingine ilifika nzima. Ndani yake kilipatikana kirusi ambacho hakikujulikana bado. Baadaye kikapewa jina la mto Ebola.

Tushike jambo hili: tangu siku za kwanza, elimu ya Ebola ilisafiri ndani ya damu iliyotoka Kongo, ikitunzwa katika baridi. Damu na baridi, mambo haya mawili tutayakuta tena mbele.

II. Kikwit, mwaka 1995

Baada ya miaka 19, ugonjwa ulizuka Kikwit, katika Bandundu. Watu 315 walishikwa, na watu wanane hivi kwa kila kumi walikufa. Katika waliokufa walikuwamo masista sita wa shirika la Bergamo, Italia, waitwao Masista wa Maskini: Floralba, Clarangela, Danielangela, Dinarosa, Annelvira na Vitarosa. Waliuguza watu, kisha wakauguzana wao kwa wao, wakafa mmoja baada ya mwingine kati ya mwezi wa ine na mwezi wa tano. Mwaka 2021 Eklezia ilitambua kwamba waliishi fadhila zao kwa kiasi cha ushujaa.

Muyembe alikuwako Kikwit pia. Dawa hakuna. Yeye na wenzake wakawaza hivi: aliyepona, damu yake imejifunza kupigana na kirusi, je, hatuwezi kumpa mgonjwa damu hiyo? Waliopona walikubali kutoa damu. Wagonjwa wanane waliipokea, na saba kati yao wakapona.

Wataalamu wengine wa inchi za nje hawakusadiki. Walisema: wagonjwa wanane ni wachache mno, tena labda walipona kwa sababu walitunzwa vizuri zaidi, ama kwa sababu walikuwa wamekwisha kuvuka siku mbaya za ugonjwa. Yatupasa kukiri kwamba neno lao lilikuwa na haki. Kitu kilichofuata kitu kingine si lazima kiwe kimesababishwa nacho. Ndivyo tulivyofundishwa katika masomo ya lojika. Lakini Muyembe hakuliacha wazo lake, naye hakukasirika. Alingoja njia ya kulipima.

III. Askari wa damu

Kirusi kikiingia katika mwili, chembe fulani za damu hutengeneza proteini za kujilinda. Wafaransa huziita anticorps. Kwa Kiswahili twaziita kingamwili. Kila kingamwili ina umbo kama la herufi Y, na ncha zake mbili hushika sehemu moja tu ya adui, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli moja. Kingamwili ikishika mahali panapofaa, kirusi hakiwezi tena kuingia katika seli. Mwili wa aliyepona hulinda kumbukumbu hiyo kwa miaka mingi.

Miaka 11 ilipita tangu mateso ya Kikwit. Mtu mmoja aliyepona kule akatoa damu yake tena, safari hii kwa ajili ya utafiti. Jina lake hatulitaji. Alitoa damu kidogo, akaendelea na maisha yake. Huyu ndiye mtu ambaye watu wa Beni walikuwa wakimwulizia.

Katika damu yake wataalamu walitafuta zile chembe chache sana zenye kumbukumbu ya Ebola. Kazi hiyo waliifanya pamoja: Muyembe wa Kinshasa, Nancy Sullivan wa Marekani, Davide Corti na Antonio Lanzavecchia wa Bellinzona, Uswisi. Waliziwezesha chembe hizo kuishi katika vyombo vya labo, wakapima kingamwili za kila moja, wakachagua zilizokishika kirusi kwa nguvu zaidi. Moja yao ilikuwa ile mAb114. Makaku walioambukizwa Ebola, hata walipoanza kupewa kingamwili hiyo siku ya tano, hawakufa. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016.

IV. Ufundi wa kunakili

Sasa twafika penye fumbo lenyewe. Mtu mmoja ana damu ya lita tano tu. Atawezaje kuwaponya mamia? Hawezi, na si haki kumkamua. Yabidi kuchukua maandiko bila kumchukua mtu.

Kila proteini ya mwili imeandikwa katika jeni, na jeni ni maandiko marefu ya herufi ine katika ADN. Herufi hizo ni zilezile kwa mwanadamu, kwa panya na kwa mikrobi. Ndiyo sababu kiumbe kimoja chaweza kusoma maandiko yaliyotoka katika kiumbe kingine. Mwaka 1973, kule California, Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha namna ya kukata kipande cha ADN, kukiunga katika kipete cha ADN ya mikrobi, na kukirudisha ndani ya mikrobi ili kinakiliwe kila mikrobi inapogawanyika. Wataalamu wenyewe wakaingiwa na hofu ya kazi yao. Mwezi wa pili 1975 walikutana Asilomar kuweka masharti ya usalama kabla ya kuendelea. Ni mfano mwema: waliuliza kwanza kama yafaa, wala si kama yawezekana tu.

Mwaka 1978 mikrobi ya kawaida ya matumbo ilitengeneza insulini ya mwanadamu, dawa ya wagonjwa wa sukari. Kabla ya hapo insulini ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe, na tani mbili za viungo zilitoa chini ya robo kilo ya dawa. Insulini ya mikrobi ilipata ruhusa Marekani mwezi wa kumi 1982. Mwezi uleule Papa Yohane Paulo II alisema na wataalamu waliokutanika katika Akademia ya Kipapa ya Elimu, akawakumbusha kwamba majaribio ya biolojia yapaswa kuwa kwa manufaa ya mwanadamu.

Lakini kingamwili si kama insulini. Insulini ni ndogo, ina amino asidi 51 tu. Kingamwili ina minyororo mine, miwili mizito na miwili miepesi, yenye amino asidi zaidi ya 1,300 kwa jumla. Tena yahitaji kukunjwa vema na kuvikwa sukari fulani ambazo mikrobi ya matumbo haijui kuzitengeneza. Ndiyo maana hutumiwa seli za mnyama mwenye kunyonyesha. Zile zinazotumika zaidi zilitoka katika ovari ya mnyama mdogo wa China, wa jamii ya panya, aitwaye hamsta. Theodore Puck alianza kuzikuza katika labo mwaka 1957, na uzao wake waendelea hata leo. Jeni za mAb114 zilitiwa katika seli za namna hiyo.

Seli hukuzwa katika mapipa ya chuma, kwa joto kama la mwili, zikilishwa sukari, chumvi na amino asidi. Nazo husoma maandiko yaliyotoka Kikwit, hutengeneza kingamwili na kuimwaga nje, ndani ya maji yao. Maji hayo huchujwa ili kuondoa seli, kisha hupitishwa katika bomba lililojaa chembe ndogondogo zenye proteini iitwayo A. Proteini hiyo ilitoka katika mikrobi iletayo majipu, nayo hushika kingamwili na kuacha mengine yapite. Wakiisha kuosha, humimina maji yenye uchachu, na kingamwili huachia. Uchachu huo husaidia pia kuua virusi vingine vilivyoweza kujificha. Bado hupitishwa katika mabomba na chujio nyingine, na kila pipa hupimwa: ni safi? ina umbo lake? yashika bado adui wake?

Wamonaki wa zamani walinakili Maandiko Matakatifu kwa mkono, herufi kwa herufi. Mnakili hakuwa mtungaji. Sifa yake ilikuwa uaminifu. Na aliyesoma nakala hakusoma ngozi ya mnakili, alisoma neno lililonakiliwa. Hali kadhalika dawa hii: si damu ya mtu, wala si nyama ya panya. Ni nakala ya proteini moja.

V. Kitu chepesi kuharibika

Wafratri wanaotumwa katika dispensari za parokia wasikilize vizuri hapa. Nguvu ya proteini i katika umbo lake. Tazameni ute wa yai: ukiupika wawa mweupe na mgumu, na hata ukiupoza haurudi kuwa maji. Kitu chake hakikupotea, umbo lake limepotea. Joto laweza kufanya vile kwa kingamwili. Kuitikisa hata itoe povu kwaweza kuiharibu. Kuigandisha na kuiyeyusha mara nyingi vilevile. Kwa sababu hiyo watu wa labo huigawa proteini katika vichupa vidogo, ili kila siku wafungue kimoja tu na kuacha vingine katika baridi. Tena huandika juu ya kila kichupa tarehe na kiasi.

Dawa ya mAb114 hukaushwa katika baridi hata iwe unga, ndani ya vichupa vya miligramu 400. Yapaswa kulindwa katika frigo, kati ya digri 2 na 8. Wakati wa kuitumia hutiwa maji safi ya dawa, kichupa huzungushwa polepole bila kutikiswa, kisha hutiwa katika mshipa wa mgonjwa mara moja tu, kwa kipimo cha miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ahitaji miligramu 3,000, maana yake vichupa vinane.

Fikirini basi njia za Mangina na Butembo wakati wa mvua, inchi isiyo na umeme wa kudumu, na vita pembeni. Kila kichupa kilichofika kizima kilifika kwa uaminifu wa dereva, wa mtu wa jenereta, wa mfomo aliyeandika joto la frigo kila siku. Majina yao hayamo katika vitabu. Aliye mwaminifu katika jambo dogo ni mwaminifu katika kubwa: Bwana wetu alikwisha kutufundisha hivyo.

VI. Mizani ya kweli

Lile swali la Kikwit lilibaki: je, inaponya kweli? Mwezi wa kumi na moja 2018, jaribio lilianza katika vituo vya Kivu ya Kaskazini, likiongozwa na Muyembe na Institut National de Recherche Biomédicale ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Marekani. Dawa ine zililinganishwa. Kila mgonjwa aliyekubali alipewa moja kwa kura, kama vile mitume walivyopiga kura kwa ajili ya Matia, ili upendeleo wa mwanadamu usiingie. Hakuna aliyeachwa bila dawa, na wote walipewa matunzo yaleyale.

Kazi ilifanyika katika shida kubwa. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Mwezi wa ine munganga mmoja aliyetoka Kamerun aliuawa Butembo. Uvumi ulikuwa umetangulia: Ebola ni biashara, Ebola ni uongo. Mwezi wa nane 2019 jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa matokeo yalikwisha kuonekana. Kwa watu 100 waliopewa dawa ya kulinganisha, iitwayo ZMapp, 50 hivi walikufa. Kwa waliopewa mAb114, walikufa 35. Kwa waliopewa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, walikufa 34 hivi. Dawa ya ine, remdesivir, haikushinda ZMapp. Na wale waliokuwa na virusi vichache katika damu, nao wakapewa mAb114, walikufa 10 tu kwa 100.

Tusome hesabu hizi kwa utulivu. Hazisemi kwamba dawa yaponya wote. Hata kwa dawa bora, mmoja kwa watatu alikufa. Zasema kwamba anayekuja mapema, kabla virusi havijamjaa, ana tumaini kubwa. Basi uvumi uliomchelewesha mgonjwa siku tatu nyumbani ulikuwa na uzito katika mizani, na ulimi ulioueneza ulibeba sehemu ya kifo chake. Hapo ndipo shauri hili linapomhusu mkatekista kuliko munganga. Katika ugonjwa ule wote watu 3,470 walishikwa, na 2,287 walikufa.

Mwezi wa kumi na mbili 2020 dawa ya mAb114 ilipata ruhusa Marekani. Mwezi wa nane 2022 Shirika la Afya Duniani liliishauri pamoja na REGN-EB3. Ugonjwa ulipozuka Bulape, katika Kasai, mwaka 2025, ilipelekwa huko pia. Lakini tujue mpaka wake: ni dawa ya kirusi cha Ebola cha namna ya Zaire tu. Ile namna ya Bundibugyo iliyowashika watu wa Isiro mwaka 2012 ina kufuli nyingine. Ufunguo huu haukutengenezwa kwa ajili yake.

VII. Tufundishe nini?

Kwanza, wanganga hawakuumba. Mungu ndiye aliyeutia mwili wa mwanadamu uwezo wa kujilinda. Wao walisoma na kunakili. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu munganga na kutozidharau dawa zitokazo katika ardhi. Dawa hii nayo yatoka katika kazi ya Muumba mmoja. Mkristu aipokee bila hofu ya dhambi.

Pili, dawa hii ni tunda la zawadi. Aliyepona Kikwit angaliweza kusema: nimeteseka ya kutosha, niacheni. Alitoa. Kule Beni na Butembo vilevile, waliopona walirudi vituoni kuwalea watoto wachanga wa wagonjwa, kwa kuwa wao waliweza kuwakumbatia bila kuogopa. Twajua ni nani aliyetutangulia kuwatolea wengine damu yake ili waishi. Hatulinganishi dawa na Sakramenti. Twasema tu kwamba wakristu waliozoea kuadhimisha zawadi ile hawapaswi kushangaa wala kuogopa wanapoona mfano wake mdogo.

Tatu, kuna deni la haki. Damu ilitoka Kongo, wazo lilitoka Kongo, wagonjwa waliokubali kupimwa walikuwa watu wa Kongo. Mapipa yako ng'ambo, na dawa twaingoja ifike kwa ndege. Hatusemi kwa chuki, maana bila wenzetu wa ng'ambo dawa isingepatikana. Lakini aliyetoa mbegu ana haki juu ya mavuno. Vijana wetu wanaopenda biolojia wasikatazwe kwa kudhani ni elimu ya wasioamini: Gregor Mendel, aliyefungua elimu ya urithi kwa kuhesabu maharagwe ya njegere, alikuwa padri mwagustino wa Brno. Mashule yetu ya misioni yawe na labo, hata ndogo, na mwalimu wa kufundisha ndani yake.

Na siku mkristu atakapouliza tena: «Dawa hii ni damu ya nani?», mkatekista aweze kujibu bila kigugumizi: «Si damu, ndugu yangu. Ni nakala ya kitu ambacho Mungu alikitia katika damu ya mwenzetu mmoja wa Kikwit. Alipona, akakubali wengine wakinakili, ili mama yako naye apate kupona. Mpeleke leo, usingoje kesho.»